Mwano Usio na Mwenyewe

Shangazi yangu aliwahi kupiga mwano kwa sababu ya mbwa. Nilikuwa bado nachunga ndama. Mwano, kwa asiye wa huku kwetu, ni lile yowe la kuita watu: fisi kaingia zizini, ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha ugali, unakimbia na fimbo. Asiyekwenda ana kesi. Basi tulikimbia wote, tukamkuta shangazi kasimama juu ya kichuguu, na fisi mwenyewe ni mbwa wa jirani aliyegaagaa kwenye tope. Njiani watu walicheka. Walipofika makwao hawakucheka tena. Shangazi alitengwa kwa kupiga mwano wa bure. Ukitengwa hupewi moto wala maji, na salamu yako hakuna wa kuiitikia. Mpaka baba alipotoa mbuzi, wale waliokimbia wakamla, ndipo akarudishwa. Mbuzi alikuwa mgumu, mimi nilipewa sikio. Lakini sikukaa hapa kusimulia habari za mbuzi.

Nataka kusema kwamba shangazi tulimkuta. Alipiga mwano, na tulipofika alikuwa palepale, kidole kinaonyesha alikoona. Ndivyo tulivyojua kwamba amekosea.

Sasa mwano unatoka mfukoni. Mwaka mmoja ng'ombe wa upande wa Lalago walianza kukohoa na kufa, ugonjwa wa mapafu, na bwana mifugo akatangaza siku ya chanjo kwenye josho letu huku Kasoli. Alikuwa kijana wa Tanga, mpole, mtu wa swala tano, anatusalimia kwa Kisukuma kibovu mpaka akina mama wanaziba midomo wasicheke. Redio ikasema chanjo ni salama. Kesho yake ikaingia sauti kwenye simu za watu: "Jamani, chanjo inaua! Mikia inaoza, ng'ombe wanaanguka!" Kisukuma safi kabisa, kile cha nyumbani, na sauti inalia kama mwano wenyewe. Nani angeibishia? Redio inasema Kiswahili, Kiswahili ni cha ofisini. Mtu anayelia kwa lugha ya mama yako unamwona ndugu.

Mimi ng'ombe wangu watatu walikuwa kwa shemeji, mume wa dada yangu, anawalisha na kunywa maziwa yao, kama desturi yetu ilivyo. Ni wangu, lakini zizi ni lake, na yeye aliiamini ile sauti. Kumwondolea siku mnayobishana ni kuvunja undugu. Kwa hiyo sikuwa na la kufanya ila kwenda Lalago, walikotangulia kuchanja, nikaone mwenyewe, nikarudi asubuhi ya siku ya chanjo, miguu imevimba, nikaenda moja kwa moja mpaka josho.

Watu walikuwepo. Ng'ombe hawakuwepo. Bwana mifugo amekaa juu ya boksi lake la barafu.

"Hee, redio yetu imerudi!" shemeji akasema. "Haya, soma taarifa."

"Mwangaluka," nikawasalimia kwanza, maana nimelelewa. "Waliokufa kule walikufa kabla sindano haijafika. Mama mwenye zizi kanionyesha alipowafukia. Waliochomwa wanakula majani, nimewaona."

"Wote?" shemeji akauliza.

Hapo ningeweza kusema wote.

"Mmoja mkia umevimba," nikasema. "Mkiani ndiko wanakochoma. Lakini anakula, anatembea."

"Mmesikia? Mkia!" Akageukia watu. "Kaona mwenyewe! Mkia unaoza!"

"Sikusema unaoza, shemeji."

"Umesema mkia."

Wakachukua mkia, wakaacha ng'ombe. Nikamuuliza hiyo sauti ni ya nani, mtoto wa nani, anakaa wapi. Akanitazama kama mtu aliyeumwa.

"Na redio ni mtoto wa nani? Si ndiyo ilisema dawa ya pamba imejaa ghalani Zagayu? Tulikuta nini?"

"Kufuli."

"Basi!"

Kufuli nililiona na mimi. Redio ilitudanganya, kweli. Inapenda kumsifia mkubwa kuliko kumwambia mkulima. Lakini mtu akikudanganya jana, haina maana kwamba mgeni asiye na sura anakwambia kweli leo. Nililisema hili, na sijui nililisema vizuri au vibaya, nilikuwa nimechoka. Aliyenisikiliza ni bwana mifugo peke yake.

"Babu," akaniambia taratibu, "barafu ikiisha dawa hii ni ya kumwaga."

Nikamwomba shemeji walau wale wangu watatu. "Zizi ni moja," akasema. "Wakioza wako watawaozesha wangu." Mvua zilipoanza zizi zima lilikohoa, wangu kwa wake, na dada yangu akawa anakamua kibuyu kisichojaa. Lile yowe la kwenye simu hakuna aliyelitoza mbuzi. Utamtenga nani?

Siku ile ya chanjo jua lilipanda mpaka kichwani. Bwana mifugo alifungua boksi, akachungulia, akamwaga maji ya barafu pale chini. Kijana wa bodaboda aliyemleta alikuwa amemkimbia. Naye aliisikia ile sauti. Akalitundika boksi begani, akatuaga kwa Kisukuma chake kibovu. Hakuna aliyecheka, na aliyeitikia nilikuwa mimi tu. Akashika njia ya barabara kuu kwa miguu, hakugeuka, na josho letu hakulikanyaga tena.