Siku Vipimo vya Bibi Harusi Vilipopotea

Mama yangu ni fundi cherehani, hapa Mbagala, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ukimwambia macho yake yanapungua atakuuliza wewe ya kwako umeyapima lini. Daktari alishasema ni presha ya macho, akampa dawa ya matone na kumwambia arudi. Matone anatia, kurudi hataki. Siku moja nikamwambia, "Mama, mficha uchi hazai." Akanijibu, "Mie nishazaa, na niliyemzaa ndo huyu ananipigia kelele."

Mie kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Cherehani niliikimbia mapema, ingawa kukata na kushona najua. Nani akulie kwenye vumbi la chaki asijue? Nikaona basi nimsaidie kwa ninachokiweza. Zamani vipimo vya wateja alikuwaga anaviandika kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika ukutani, lakini sasa hata mwandiko wake mwenyewe unamshinda. Nikamtengenezea programu ya vipimo, yenye herufi kubwa kama za bango la barabarani. Ukibonyeza jina la mteja, kifua, kiuno, nyonga na urefu vyote vinajitokeza.

Akaikubali shingo upande. Akasema siku kompyuta yangu itakapomsahau mteja wake hata mmoja, anauza cherehani na nitamlisha mie. Nilicheka, ila nilijua hatanii. Mama bila cherehani sijui angekuwa nani, na nilikuwa naogopa kujua.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa mtaa wa nyuma. Upande wa bwana harusi walitaka gauni likashonwe Kariakoo, maana walishasikia maneno kwamba fundi wa Mbagala haoni. Binti akakataa katakata. Akasema aliyemshonea sare ya darasa la kwanza ndiye atakayemshonea na gauni la harusi. Akaja, Mama akampima, mie nikasoma futi ya kupimia na kuingiza namba kwenye kompyuta. Baada ya hapo binti akatiwa ndani kwa somo wake, yule mwanamke anayemfunda, asionekane mpaka siku ya harusi. Kitambaa kilikuwa lesi nyeupe ambayo upande wa bwana harusi waliiagiza Dubai, kipande kimoja tu kisicho na mwenzake.

Asubuhi ya kukata, Mama alitandika ile lesi mezani na kuilainisha kwa viganja. Chaki iko mkononi. Pale kwa kinyozi wa jirani muziki wa singeli ulishaanza kupigwa.

"Haya, mwanangu. Kifua?"

Nikafungua programu. Kioo kikaniandikia, kwa herufi zangu zilezile kubwa: HAKUNA MTEJA.

Nikafunga, nikafungua tena. Hakuna mteja. Si bibi harusi tu, wote. Watu wote wa mtaa huu waliowahi kupita chini ya futi ya Mama hawapo.

"Kifua ngapi?" Mama akauliza tena.

"Subiri Mama, inafunguka."

Inafunguka nini, wallahi! Ilishafunguka, na ndani hamna kitu. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba asubuhi ileile, kwa kimbelembele changu, nilikuwa nimeifanyia kompyuta usafi. Nilifuta mafaili ya zamani, nikamwaga mpaka pipa lake la taka, kisha nikaiweka alama ya programu mbele kabisa kwenye kioo ili Mama aweze kuifungua mwenyewe. Nikajiuliza kama nimemfutia mama yangu wateja wake wote kabla ya chai.

Mara nikasikia hodi. Alikuwa somo wa bibi harusi. Mwanamke mwema, lakini mdomo wake hauna kufuli. Ukimwambia jambo Mbagala, wewe ukifika Temeke umelikuta.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo? Unakimbizana na nani?"

"Na kazi tu."

Akakaa kwenye benchi, akaitazama lesi ambayo bado haijaguswa na mkasi, kisha akamtazama Mama. "Fundi, macho vipi siku hizi? Watu wanasemasema."

"Watu hawana kazi," Mama akasema. "Mie naona mpaka unachokiwaza."

Somo akacheka, lakini hakunyanyuka. "Mie nimekuja kutazama tumefikia wapi, maana kule kwa bwana harusi wananiuliza. Kama kuna kipimo kimepotea niambieni, nampima mwenyewe hukohuko ndani. Dakika tu."

Huo ndio mtego wenyewe. Kumpima tena kulikuwa rahisi, ndiyo. Lakini kabla ya adhuhuri mtaa mzima ungejua kwamba fundi kapoteza vipimo, na upande wa bwana harusi wangekuja kuchukua lesi yao waipeleke Kariakoo. Baada ya hapo nani angemletea tena kitambaa?

"Vipimo vipo," Mama akasema bila kugeuka. "Si vipo, mwanangu?"

"Vipo, Mama."

Yarabi, sikuwa na hakika hata chembe.

Sasa nieleze kidogo, msinikimbie. Kuna programu ambazo kumbukumbu zake zinakaa mbali, kwenye kompyuta nyingine kubwa. Ya Mama haikuwa hivyo. Kumbukumbu zake zinakaa humohumo ndani, kwenye faili moja, na kuna mstari mmoja tu wa maelekezo unaoiambia programu faili hilo liko wapi. Nikaufungua ule mstari. Kwa haraka zangu nilikosea kwanza neno la siri la kompyuta yangu mwenyewe. Nikausoma. Nilikuwa nimeandika jina la faili peke yake, bila kusema linakaa folda gani. Maana yake, litafute hapohapo ulipoanzia. Na mwishoni nilikuwa nimeongeza agizo lingine: kama halipo, tengeneza jipya.

Khaa! Nikajishika kichwa. Nilipoifungua kwa ile alama niliyoiweka asubuhi, programu ilianzia mahali pengine kabisa, si kwenye folda yake ya siku zote. Ikatafuta faili, isilione, na badala ya kusema silioni, ikatengeneza lingine tupu na kunifungulia kwa heshima zote. Hapo nikapata tumaini, ila nusu tu, maana bado sikujua kama lile la zamani lilinusurika na usafi wangu.

Nikaitafuta kompyuta nzima. Somo anapiga miayo. Mama anailainisha lesi ambayo ilishalainika.

Yakaja mafaili mawili ya jina moja. Moja limezaliwa asubuhi hiyohiyo, jepesi, halina kitu. La pili lilikuwa kwenye folda ya zamani, zito. Nikaandika njia yote ya kulifikia, mwanzo mpaka mwisho, na lile agizo la kutengeneza jipya nikalifuta. Nikafungua programu huku nimefumba jicho moja.

Majina yakamiminika. Nikalia palepale, nikasingizia vumbi la chaki.

"Kifua thelathini na sita!" nikapiga kelele mpaka somo akashtuka. "Kiuno ishirini na nane! Nyonga arobaini!"

"Unauza mnadani?" somo akasema. Akanyanyuka, akajitanda khanga yake. "Haya, fundi, nimeridhika. Nitawaambia kazi imeanza."

Akaenda zake. Mie nilikuwa naelea, naona shari yote imepita. Mama akachora na chaki, taratibu, akipapasa ukingo wa lesi kwa mkono wa kushoto. Kisha akashika mkasi. Akauinamisha juu ya kitambaa, akausimamisha hapo. Nikadhani anapiga bismillahi. Lakini mkasi haushuki.

"Mama?"

"Chaki nyeupe, lesi nyeupe," akasema.

"Nikuletee ya bluu?"

"Hata ya bluu, mwanangu." Akauweka mkasi mezani. "Mstari siuoni. Sijauona tangu kabla ya Ramadhani. Nakataga kwa kidole."

Nikakumbuka nguo zote alizokata tangu hapo, na mie nimekaa pembeni yake namsomea namba na kujiona nimemtatulia ishu. Nilitaka kumgombeza kwa kunificha, nilitaka kumkumbatia, nikashindwa vyote viwili.

"Basi tumwite somo tumwambie," nikasema. "Lesi yao waichukue."

"Nani achukue? Mtoto yule kaniamini. Njoo ukate wewe."

"Mama, hii haina mwenzake. Nikikosea je?"

Akanishikisha mkasi, akanisukuma begani kama nilipokuwa mdogo akinituma dukani.

"Kata, usiogope. Ukiharibu, tutasema nimeharibu mie."