Utepe Uliogoma Kung'oka

Wapo watu wenye aibu zao wamezifungia ndani, wanazijua wao na Mola wao, lakini mimi yangu waliiona watu wa Ibra, huku Omani, mchana kweupe, bibi yangu mzaa mama akiwa safu ya mbele, kwa hivyo bora niihadithie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine, maana wao hutia chumvi na hii ya kwangu chumvi yake inatosha.

Mwaka ule chuo chetu kilianzisha timu ya mpira wa Kimarekani. Si huu wa miguu mnaoujua. Huu mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama kokwa ya tende, unashikwa kwa mikono, na badala ya kuangushana (mkuu wa chuo aliogopa tutavunjana mbavu) kila mchezaji huvaa mkanda wenye tepe mbili kiunoni, mpinzani akikung'oa utepe mmoja tu basi, mbio zako zimeishia hapo hapo. Ukivuka na mpira mstari wa mwisho kabla hujang'olewa, hilo ndilo bao. Upande wetu huu timu zilikuwa tatu, sisi, Sur na Nizwa, na wote tulikuwa vipofu tunaoongozana. Mwalimu wetu alikuwa msomeshaji wa kemia, sheria za mchezo akizisoma kwenye simu huku mechi inaendelea, akifika ukurasa wa pili sisi tumeshafungwa.

Nahodha nilikuwa mimi. Msiniulize kwa nini, nilikuwa na mdomo tu. Mchezaji wa kweli alikuwa Khalfan, kijana wa mji wa Samad Ash Shan, ambaye kila baada ya sala ya alfajiri alikuwa akikimbia peke yake baina ya mitende, wakati huo mimi nahodha nakoroma. Wazee wake wa Pemba, wangu wa Unguja, basi tukaona tumepata ujanja mkubwa, tuwe tunapanga mbinu zetu uwanjani kwa Kiswahili ili wapinzani wasifahamu. Tukaenda Sur. Nikapiga kelele, "Khalfan, rusha kulia!" na wale vijana wa Sur wote wakakimbilia kulia, kumbe nusu yao bibi zao ni wa Ng'ambo na Malindi, mle mle mjini Unguja. Ndiyo akili za nahodha wenu.

Sur wakatufunga kwao, Nizwa wakatufunga kwao na kwetu. Msimu mzima hatukupata bao hata moja la kuombea dua. Ikabaki mechi ya mwisho, Sur waje Ibra, na mkuu wa chuo akatuita akasema msipofunga hata bao moja mbele ya wageni timu naivunja, uwanja nawapa watu wa mpira wa wavu. Khalfan alikuwa mwaka wake wa mwisho, akaniambia, "Moja tu, yakhe. Moja tu niondoke nalo."

Sasa sikilizeni upumbavu. Siku ya mechi, chumba cha kuvalia, nikatoa mfukoni kipande cha mshipi wa kuvulia nilichopewa na mjomba wangu wa Qalhat, nikazifunga tepe zangu kwenye mkanda, na mkanda kwenye kamba ya kaptula, fundo juu ya fundo, ili mtu akivuta asipate kitu.

Khalfan akaniona. "Unafanya nini?"

"Nakaza mkanda, unanipwaya."

Akaniamini. (Nikumbukapo hapo, hata leo najikunyata.)

Dakika za mwisho Khalfan akarusha mpira, mrusho wa ajabu, ukanifikia mikononi kama umetumwa, nikatoka mbio. Pale pale penye mstari kijana mmoja wa Sur akanidaka utepe. Akavuta. Utepe kimya. Akavuta kwa mikono miwili, nikamburura kama gunia, tukaanguka wote ng'ambo ya mstari. Uwanja ukalipuka! Vigelegele vya bibi yangu, Bi Zuwena, vikapita vya wote, na mimi nikainuka nikacheza, nikazungusha kiuno mbele ya wageni wa heshima, mjinga mimi, na yule kijana bado kaning'inia nyuma yangu.

Akaniuliza kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Ami, huu utepe umeshonewa mwilini?"

Refa akaja. Akavuta mara moja, mara mbili, akaniangalia usoni, akaniamrisha nifungue. Nikajaribu. Mshipi umerowa jasho, fundo limekaza kama chuma. Mwalimu wa kemia akajaribu kwa meno (wallahi, kwa meno, mbele za watu). Mkuu wa chuo akateremka jukwaani na bakora yake, na mpishi wa mkahawa akaitwa aje na kisu.

"Simama wima, usicheze," mpishi akaniambia, kama mbuzi wa Idi.

Akakata mshipi. Akakata na kamba ya kaptula. Ikateremka mpaka miguuni.

Ndani nilivaa chupi ndefu alizonishonea bibi kwa kanga zake kuukuu, kwa sababu za dukani ati zinaunguza, na maandishi ya kanga yalikatwa na mshono yakabaki maneno mawili tu, nyuma, kwa herufi kubwa. Kijana wa Sur akayasoma kwa sauti: "MFICHA UCHI!"

Bibi akainuka. "Mpeni nguo mtoto wa watu! Refa gani huyu asiye haya!" Mtu akamnong'oneza khabari ya mshipi. Akakaa. Akajifunika uso kwa mtandio wake, na huko kujifunika kulinivua nguo zaidi kuliko kisu.

Bao likafutwa. Timu ikavunjwa wiki ile ile.

Nikaenda Samad Ash Shan kumtaka radhi Khalfan. Nilimkuta anafungulia maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, kwenye mitende ya baba yake, suruali kaikunja magotini.

"Nisamehe, yakhe."

"Nimeshakusamehe." Akasukuma tope kwa mguu. "Lakini nataka kukuuliza. Yule kijana alipokushika, ulikuwa umeshavuka mstari au bado?"

Nikafikiri. Nikajiona nakimbia, nikauona mstari, nikausikia mkono wake kiunoni, na kipi kilitangulia sikujua.

"Wallahi sijui."

"Na mimi sijui. Wala refa hajui, kila mtu alikuwa anaangalia utepe tu. Ungeng'oka, tungejua umeng'okea wapi." Akaziba mfereji mmoja, akafungua wa pili. "Pengine lilikuwa bao la halali. Langu hilo."

Nikavua viatu nikamsaidia kugawa maji mpaka shamba zima likapata, na njia nzima ya kurudi Ibra nikaapa: maisha yangu sitafunga tena kitu ambacho ni haki ya mwenzangu kukifungua. Nikikamatwa, nikamatwe, lakini nijue nilifika wapi.