Gauni la Jumapili ya Akina Mama

Mume wangu aliniita sebuleni mara moja tu. Niliporudi kwenye pasi, gauni jeupe la binti yangu lilikuwa limeungua. Siku hizi pasi ni ya umeme, lakini harufu ni ile ile.

Nilipokuwa mtoto, mama alitumia pasi ya mkaa. Jumamosi moja alikuwa ametoka sokoni Sirari, miguu imejaa vumbi, na bado alininyooshea gauni. Kesho yake, Jumapili ya akina mama, ningesimama kanisani kuisema bila kitabu ile sura ya mke mwema. Nilifanya mazoezi, midomo ya mama ikinifuatisha. Baba alikaa kwenye kigoda akisikiliza.

Nilipofika pale mume anapomsifu mkewe, midomo ya mama ikatulia.

“Baba, na wewe huwa unamwambia mama hivyo?”

Baba akamtazama mama, si mimi. “Maji yangu ya kuoga yako wapi?”

Mama akaenda haraka. Pasi akaiacha juu ya gauni.

Kesho yake niliisema sura yote, kiganja kimeziba tundu kiunoni. Baba alipiga makofi kuliko wote. Mama hakunisikia. Alikuwa nyuma ya kanisa, anawapikia wageni.