Asubuhi Niliyofagia Nyayo za Kaka

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Ntobeye hatukufagia siku ambayo mtu wa nyumba ile ameondoka safari. Bibi Sabina, mama yake baba, ndiye aliyelishika jambo hilo. Msafiri akitoka, ufagio ulichomekwa kwenye paa la majani ya migomba juu ya jiko na kukaa huko mpaka kesho yake, mpaka tuwe na hakika kwamba ameshalala huko aendako. Kufagia kabla ya hapo, alisema, ni kumfagilia mbali: atakwenda na njia ya kurudi hataiona. Baba alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, na hata yeye siku ya safari aliyaacha maganda ya ndizi yalipo, akayapita.

Aliyesafiri kuliko wote kwetu alikuwa kaka yangu Anakleti. Alinizidi miaka kumi na moja. Alikuwa fundi wa kupiga lipu, na kazi hiyo ilimpeleka kila penye nyumba za matofali katika milima yetu: Ngara, Rulenge, mpaka Biharamulo. Mimi sikuwa nimevuka hata kijiji cha pili. Akirudi aliniketisha kwenye kinu kilichopinduliwa, akanieleza miji hiyo mmoja mmoja kama mtu anayeeleza jamaa zake.

"Ngara iko juu kabisa, Vere," aliniambia. "Ukisimama sokoni upepo unakupiga kifuani. Ukiangalia chini unaona vilima vimefuatana mpaka Burundi. Asubuhi ukungu unalala bondeni, wewe uko juu yake."

"Juu ya mawingu?"

"Juu ya ukungu. Usiende kuwaambia watu nimesema mawingu."

Kuhusu Biharamulo alizungumzia boma la Wajerumani, jeupe, lenye kuta nene. Alikuwa ameupitisha mkono kwenye ukuta wake kutoka pembe hadi pembe, akakosa kujua lipu ile ilichanganywa na nini. Aliahidi kunipeleka kote huko nikifika darasa la saba. Ngara kwanza, alisema, kwa sababu kuna hoteli moja wanapika chai ya maziwa yenye tangawizi, na mtu asiyeijua chai ile hajui kitu.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu ya zamani ilibaki mahame kule mlimani, pamoja na migomba na kaburi la babu, nasi tukajenga upya kando ya barabara, nyumba kwa nyumba kwa mstari. Kulikuwa na shamba la kijiji, siku za kulilima, na balozi wa nyumba kumi aliyejua nani amekwenda na nani amebaki. Bibi hakuwahi kukizoea kijiji kile. Alisema mle ndani mtu akipiga chafya majirani kumi wanamjibu.

Kisha redio ikasema adui ameingia upande wa Kagera. Mkoa wetu siku hizo uliitwa Ziwa Magharibi, na huko kulikoingiliwa kulikuwa mbali nasi, lakini vijana waliokuwa wamefunzwa mgambo waliitwa wote. Anakleti alikuwa mmoja wao. Alipata siku tatu. Siku ya kwanza alimalizia ukuta wa mtu, ya pili akalala, ya tatu akanyoa nywele.

Aliondoka Jumamosi asubuhi. Baba alimsindikiza mpaka Ngara, ambako malori yalikuwa yanawangoja. Mama aliwasindikiza hadi kijitoni, na kutoka hapo akaenda moja kwa moja shamba la kijiji, maana ilikuwa siku ya zamu yetu na kukosa kulikuwa na maneno. Bibi alifunga khanga yake akasema anapanda mahame kumwambia babu kwamba mjukuu wake amekwenda vitani. Kabla ya kutoka alinishika bega.

"Usifagie, umesikia? Ndani wala uani. Mpaka alale."

"Nimesikia, Bibi."

Nikabaki peke yangu. Uani kulikuwa na alama za makatambuga ya Anakleti, viatu vile vya tairi, mistari yake ikionekana wazi katika vumbi: kutoka mlangoni hadi jikoni alikokwenda kumwita mama, kutoka jikoni hadi barabarani. Nilikaa kizingitini nikizitazama. Sikuwa na huzuni yoyote ninayoikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi, na kaka yangu alikuwa mtu wa kwenda na kurudi.

Jua lilipoanza kupanda, balozi akapita mbio mbio.

"Vere, mama yuko wapi?"

"Shamba la kijiji. Shikamoo."

"Marahaba. Bwana afya amekuja kutoka wilayani, yuko nyumba ya tatu. Anaingia kila nyumba. Hapa pako hivi?" Alitazama maganda, majivu, mabua yaliyotapakaa. "Jana niliwaambia watu wote. Fagia upesi, usitutie aibu."

Akaenda zake. Sitaki kudanganya kwamba nilisahau. Niliyakumbuka maneno ya Bibi, tena kwa sauti yake, na mkono wake begani nilikuwa bado nausikia. Lakini Bibi alikuwa mlimani na bwana afya alikuwa nyumba ya tatu, na shuleni walikuwa wametufundisha kuimba kuhusu usafi. Nilipanda juu ya kinu nikauchomoa ufagio. Nilifagia chumba cha wazazi, nikafagia sebule, nikafagia alipolala Anakleti, nikatoka nje na kuufagia uwanja wote kwa mistari mizuri iliyonyooka, kutoka mlangoni hadi barabarani. Taka nilizimwaga chini ya migomba. Nilijiona mtoto hodari.

Bibi ndiye aliyefika wa kwanza. Alisimama pale barabarani uwanja unapoanzia, hakuukanyaga.

"Nani amefagia?"

Hapakuwa na mtu mwingine wa kutajwa.

Nilingoja kofi. Badala yake aliuweka chini mkungu wa ndizi aliokuja nao, akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Umetupa wapi?"

Nilimwonyesha. Akaleta ungo. Tulichutama chini ya migomba, yeye na mimi, tukazoa vumbi kwa viganja, na maganda, na majivu, na nywele za Anakleti alizonyoa siku iliyotangulia. Nywele alizichambua moja moja. Tulirudisha kila kitu ndani: akamwaga sebuleni, akamwaga alipolala, akatandaza kwa mkono kama mtu anayetandaza mtama juani. Alipomaliza alitoka kizingitini akautazama uwanja.

"Nyayo hatuwezi," alisema.

Ndipo wakaingia balozi na bwana afya, kijana wa watu mwenye kaptura iliyopigwa pasi na daftari. Alitazama sakafu. Alimtazama Bibi, ambaye alikuwa na majivu mpaka viwikoni.

"Mama, mbona nyumba iko hivi?"

"Ndivyo inavyokaa leo, mwanangu."

"Leo tu?"

"Njoo kesho uone."

Balozi alinigeukia mimi. "Si nilikuambia ufagie?"

"Nimemkataza," Bibi akasema. "Niandike mimi, Barozi. Sabina, kwa herufi kubwa." Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na jina la cheo hicho hakuwahi kulitamka vingine.

Waliandika, wakaenda. Jumatano iliyofuata alisimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji kwa ajili ya uchafu, watu wakacheka kidogo, akarudi. Kwangu alisema jambo moja tu: "Usimwambie mtu. Hata mama yako." Nami sikumwambia mtu.

Ilikuja barua moja tu ya Anakleti. Niliwasomea mimi. Alikuwa mzima, kulikuwa na mvua nyingi, na mto Kagera ni mkubwa kuliko alivyodhani. Chini kabisa aliandika kwamba vita vikiisha malori yatawashusha Ngara, na baba akija kumpokea aje na Vere, akaione.

Kwa hiyo vita vilipoisha, na habari ikaja kwamba wanarudi, baba alinichukua. Mama alininyooshea gauni la kanisani. Bibi alinipaka mafuta miguuni, akanikanda vidole kimoja kimoja.

Tulitembea tangu alfajiri. Tulipoipanda Ngara jua lilikuwa limeshachangamka, na nilijua tumefika kwa sababu upepo ulinipiga kifuani. Kila kitu kilikuwa kama alivyosema. Mikaratusi ilikuwa inavuma kando ya njia. Mapaa ya bati yalimetameta. Soko lilikuwa pale, na ukiangalia chini, vilima vilikuwa vimefuatana, cha kijani, cha buluu, cha kijivu, mpaka macho yakachoka. Niliona nyumba yenye ukuta laini mweupe nikajiuliza kama ni wa mkono wake.

Malori yalikuja wakati wa adhuhuri. Watu walipiga vigelegele, wanaume waliruka chini wamekonda, wenye sare zisizowatosha. Baba alisimama mahali pamoja, kofia mkononi. Lori la kwanza likashusha watu, likaisha. La pili likaisha. Kwenye la tatu akashuka Baltazari, kijana wa kijiji jirani aliyeondoka siku moja na kaka. Alituona. Hakukimbia kuja, na hapo baba akavaa kofia yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenzako?"

Baltazari alitazama viatu vyake. "Alibaki, mzee. Ng'ambo ya mto. Tulimzika sisi wenyewe, vizuri."

"Alisema kitu?"

"Hakupata nafasi."

Baba aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia. Alimshukuru. Kisha akanitazama kama aliyekuwa amesahau kwamba nipo, akasema, "Hujala tangu asubuhi," akanishika mkono akaniingiza hotelini. Sijui kama ndiyo hoteli ile. Ililetwa chai ya maziwa yenye tangawizi na maandazi mawili. Baba hakugusa. Mimi nilikunywa, nikala andazi langu, nikala na lake. Chai ilikuwa tamu. Kupitia dirishani niliviona vilima, na nilikuwa nafikiri tu kwamba huu ni mji mzuri, na kwamba chai ni tamu. Nilingoja kilio kije, hakikuja. Mwili wangu ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Imepita miaka mingi tangu hapo, nimezika watu wengi, na bado nikitaka kujua ganzi ni nini narudi kwenye meza ile.

Msiba ulijaa nyumba. Siku ya tatu shangazi, dada yake baba, aliyetoka Rulenge, aliuliza mbele ya watu kile ambacho watu walikuwa wakikinong'ona jikoni, maana majirani walikuwa wameuona uwanja wetu asubuhi ile umefagiwa.

"Siku alipoondoka mtoto huyu, nani alifagia hapa?"

Nilikuwa nimekaa karibu na mama. Nilifungua mdomo, nina hakika niliufungua.

"Mimi," Bibi akasema. "Uani tu, kwa ajili ya bwana afya."

Shangazi aliona haya kwa kuuliza. Baba alimtazama mama yake kwa muda, akainuka, akatoka nje, na hakurudi mpaka watu wametawanyika. Mtu wa rozari kila jioni.

Hakumfanyia ubaya wowote. Alimjengea kibanda cha chumba kimoja nyuma ya migomba, kizuri, chenye mlango wa mbao. Kila asubuhi alisimama mbali akasema, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, akaenda. Hakukaa naye tena, hakula naye tena. Chakula nilimpelekea mimi. Miaka minne nilimpelekea, na jioni moja tu ndipo nilipothubutu kumuuliza kwa nini alijitaja.

Alikuwa anakula maharage. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Wewe bado utaishi na watu," alisema. "Mimi nimeshaishi nao."

"Nikamwambie baba?"

"Umwambie ili nini? Amchukie nani tena?" Akanisogezea sahani. "Chukua, nimeshiba."

Alifariki msimu wa kupanda maharage. Baba alimzika kwa heshima zote, akapiga magoti kaburini muda mrefu, na sikujua anasali nini.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa Biharamulo, na huko ndiko ninakoishi baada ya kustaafu. Boma nimelizoea. Watoto wangu huja na rafiki zao kutoka mijini, wakiniuliza ni vijiji na miji gani ya milimani ya kutembelea, mahali pa baridi, pa kupiga picha. Nawaambia nendeni Ngara, mlale huko, muamke mapema muone ukungu. Wanarudi wamefurahi. Wananionyesha picha, nami nazitazama zote, moja baada ya nyingine, wala hazinifanyi kitu.

Nimefundisha sayansi miaka thelathini. Najua ufagio hauui mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliyemuua kaka yangu ni vita, na sidhani kama niliwahi, hata nikiwa na miaka kumi, kuamini vingine kwa moyo wote. Bibi aliamini, na akijua hivyo alisimama mahali pangu.

Baba alipougua mara ya mwisho nilikwenda kukaa naye wiki mbili, nikiwa nimekusudia kumwambia. Kila asubuhi nilimnawisha uso. Akili yake ilikuwa timamu, tulizungumzia mvua, mbegu, watoto wangu. Siku moja yeye mwenyewe alimtaja mama yake, akasema alikuwa mwanamke mkaidi, akanyamaza kama anayengoja mtu aseme kitu. Nilimfunika blanketi miguuni.

Alikufa Alhamisi, akiamini mama yake ndiye aliyefagia. Watu wawili waliopendana waliishi miaka minne katika ua mmoja bila kuketi pamoja, na hilo halikufanywa na vita wala na mila za wazee. Nililifanya mimi, kwa kukaa kimya, na nimelifanya kila siku tangu hapo.