Grupu ya Damu kwenye Karte ya Baba

Siku dada yangu alipojifungua alivuja damu tangu asubuhi, na kufikia saa nane mchana midomo yake ilikuwa imepauka kabisa. Hospitali ya kampuni haikuwa na damu kwenye friji. Miaka ile Likasi, mji wetu wa migodi kule Kongo, hata pamba tulikuja nayo wenyewe. Nesi akatuambia, mimi na baba, kwamba dada ni grupu O na damu lazima itoke kwa familia.

Mimi nilikuwa O. Lakini wiki tatu nyuma nilikuwa nimemtolea mfuko mzima, mimba ilipomsumbua. Mtu wa maabara, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanivuta kope chini, akatikisa kichwa.

"Weye hapana, kijana. Damu yako haiyarudia." Akanieleza kwamba figo zikiona damu imepungua hutuma homoni, nayo huiamuru mifupa itengeneze nyingine. "Komande imeenda. Lakini unakula mara moja kwa siku. Itatengeneza na nini?"

Nilielewa upesi, maana nyumbani tulikuwa na karatasi za kuchukulia unga wa kampuni, na unga wenyewe haukuja. Kumwamini ndiyo sikumwamini. Mtaani walisema damu inauzwa kwa mlango wa nyuma, basi mimi nilimchunga mikono, nikamchunga mifuko ya koti, nikadai hata friji ifunguliwe. Akaifungua. Ilikuwa tupu, na bado sikuridhika.

Ikawa zamu ya baba. Akatoa karte yake ya kazi, yenye picha iliyofifia na muhuri wa grupu ya damu: O. Karte ile ndiyo iliyotupa nyumba, shule, na kitanda alichokuwa amelalia dada. Mzee akamtoboa baba kidole, akaidondoshea ile damu dawa juu ya kigae, akainama kutazama.

"Huyu ni A. Hawezi kumupa."

Nikawaka. "Bongo! Unadanganya! Karte iko hapa! Unaficha damu ya bantu, mwizi weye!"

Akapima tena. A. Nikamwambia dawa yake imeoza, na hapo akasita, kwa kuwa chupa kweli ilikuwa ya zamani. Nilipoona amesita nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikapiga meza: kampuni ilimpima baba ikiwa bado na mashine zake zote, na yeye na kigae chake ni nani? Wakati huo nesi alikuwa anaita kutoka wodini kwamba dada haitiki tena. Mzee akafuta jasho, akamfunga baba mpira mkononi.

Baba muda wote alikuwa anatazama sakafu. Nilidhani anaona haya kwa ajili ya kelele zangu.

Sindano ilipogusa ngozi, akavuta mkono.

"Acha. Hii damu itaua mutoto wangu. Ile karte hayina yangu, ni ya yaya yangu, ndugu yangu mukubwa. Alikufaka, njo nikachukula kazi na karte yake. Tulifananaka."

Mayo! Nilikosa pa kuweka uso. Kwa maneno yale baba aliitia nyumba yetu yote mikononi mwa mtu niliyekuwa nimemwita mwizi. Mzee akaitazama ile picha, akamtazama baba, akamrudishia karte yake.

"Minye sikusikia kintu," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Lala pale. Nusu mfuko, na ukianguka shauri yako."

Ile nusu ilimshikilia dada mpaka mumewe akafika kutoka Kakanda na rafiki mwenye O. Alipona. Kumwomba yule mzee radhi nilishindwa, na bado inaniuma.

Baadaye nilikaa kwenye benchi nje, kichwa kikizunguka. Baba akaniletea chai yenye sukari, sijui aliipata wapi.

"Sasa weye ni nani, baba?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaninong'onezea jina lake. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sikuwahi kulisikia.