Paka Aliyecheka Mbele ya Uji

Kwa miaka ishirini na saba alipiga pasi mashuka ya hoteli, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na wenzake walimwita Mama Pasi hata walipokutana naye harusini. Pasi mpya zenye vipimo zilipoletwa, yeye alibaki na kipimo chake. Alilowesha kidole cha shahada kwa mate, akakigusisha chini ya pasi, akasikiliza. Ikinong'ona, hariri. Ikipiga kelele, pamba.

"Mama, hiyo si ngozi, ni soli ya kiatu," wasichana wapya walimtania.

"Soli huisha," aliwajibu. "Hii haiishi."

Nyumbani alikuwa na mume, fundi saa, na paka wa mume. Paka huyo aliingia dukani mwenyewe siku moja ya mvua, akapanda juu ya kabati la saa, akalala. Fundi akamwita Bosi, kwa sababu alikuja kazini kulala tu na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Kisha kiharusi kikamkuta fundi ameinama juu ya saa ya mteja. Kiliua upande wote wa kulia, kikayabeba maneno yake yote, kikamwachia mkono wa kushoto na nusu ya uso.

"Hatujui anaelewa kiasi gani," daktari alisema siku ya kumruhusu. "Mwangalie tu, mama. Utaona mwenyewe."

Kuangalia hakukumshinda. Aliangalia kifua kama kinapanda, kucha kama zimebadilika rangi, mate kama yamezidi. Aliangalia mpaka shingo ikamuuma. Alichokitafuta kilikuwa kimoja: kama humo ndani mumewe bado yumo, na kama bado anaweza kufurahi. Basi wiki ya tatu, asubuhi kabla hajaenda kazini, alichovya kidole kwenye uji kuupima, akaona unafaa, akamtilia mumewe kijiko cha kwanza. Ule upande mzima wa mdomo ukapanda. Meno yakaonekana. Jicho likalengwalengwa na machozi.

Aliweka kijiko chini, akalia kama mtoto. "Amecheka," aliwaambia wenzake kazini, na siku hiyo hakuna shuka lililokuwa zito.

Toka hapo aliishi kwa tabasamu hilo. Lilikuja asubuhi tu, mbele ya uji. Mchana jirani alimlisha chakula kilichokwisha kupoa, naye alisema hajawahi kuona hata jino. Hata yeye mwenyewe, siku alizochelewa na uji ukapoa, mumewe alimeza akiwa amekaza uso kama mlango uliofungwa. Akajua, basi, kwamba mzee anaupenda wa moto. Akawa anauleta ungali unatoa mvuke. Mkono wa kushoto ulikuwa msumbufu, ulikipiga kijiko mara kwa mara, kwa hiyo aliuviringisha ndani ya taulo na kuubana chini ya kwapa lake mwenyewe, taratibu, huku akimwambia, "Tulia baba, nakupa."

Masalio alimpa Bosi. Naye Bosi alilamba mara moja, akavuta midomo nyuma, meno nje.

"Nyumba yangu ina wawili wanaocheka," alimwambia wifi yake Jumamosi moja asubuhi.

Wifi, dada mkubwa wa fundi, alikuwa amekuja na mzigo wa mboga na ulimi wake usio na kifuniko. Alikuwa amefuga paka tangu utotoni. "Nani kakwambia paka anacheka?"

"Si huyo hapo. Mtazame."

"Wifi yangu, hata tumbili akikenua meno usimpe mkono. Mtazame masikio. Yamelala nyuma. Mkia unachapa sakafu. Huyo anatutukana mimi na wewe."

"Basi akifurahi anafanyaje?"

"Mdomo wake hausemi kitu. Anafumba macho nusu, polepole, kama mtu aliyeshiba. Anakukandakanda na vidole kama anakanda unga. Mkia juu. Hata kule kukoroma kwake usikuamini sana, maana paka wangu wa kwanza alikoroma mpaka alipokata roho." Akainama kumtazama Bosi vizuri. "Nini kimemkera hivi?"

Akachukua kijiko, akachota uji uleule kwenye sufuria, akautia mdomoni. Akautema kwenye kiganja.

Akakipuliza kiganja.

"Wifi, huu uji unampa kaka?"

"Nimeupima. Kwa kidole."

"Nipe hicho kidole."

Akakishika, akakigeuza kwenye mwanga, akakibana kwa ukucha wake mpaka ukucha ukaingia. "Unasikia?"

"Nasikia unanishika."

Walimfungua fundi mdomo kwa pamoja, kwa upole. Ulimi ulikuwa umebabuka, mweupe pembeni, mwekundu katikati, na ndani ya shavu zima kulikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka, mengine mapya. Fundi alimtazama mkewe. Mkewe aliona jicho lile na hakujua alisome vipi, naye alikuwa amejifanya msomaji kwa wiki sita.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," wifi alisema, kisha akajuta. "Sikukusudia hivyo."

"Umekusudia sawa."

"Ulikuwa unampenda."

"Nilikuwa nimemfunga mkono, wifi."

Hospitalini walimpa dawa ya kupaka mdomoni, na vidonda vilipona. Kazini aliomba pasi yenye kipimo. Wasichana walitaka kumtania, wakamwona uso, wakarudi kwenye mashuka yao.

Siku hizi hupima uji kwa midomo. Huonja, husubiri, huonja tena, na wakati mwingine huchelewa kazini. Taulo alilitupa. Mumewe humeza vizuri, hata kilo zinaanza kurudi, lakini tabasamu halikurudi. Hata siku moja. Na jambo baya kuliko yote, ambalo hajamwambia wifi wala daktari, ni kwamba asubuhi nyingine mkono wake huenda wenyewe kuongeza moto. Hulitamani tabasamu lile. Huzima jiko, husimama pale ameshika meza.

Juzi Bosi alipanda mapajani kwa fundi kabla ya uji. Akakandakanda blanketi, macho yakafumbika nusu. Mkono wa kushoto ukatoka, ukamwangukia mgongoni. Kidole gumba na cha shahada vikaanza kuzunguka juu ya manyoya, kidogo kidogo, mbele na nyuma, kama mtu anayetia saa ufunguo.

Mke aliona. Alikaribia kuita jirani, akajizuia. Inaweza kuwa furaha. Inaweza kuwa miaka arobaini ya kazi inayozunguka yenyewe ndani ya mkono usio na mwenyewe. Aliwahi kujua mambo yote ya uso huu, na aliyajua vibaya.

Alipiga magoti mbele ya kiti, akautazama mkono mpaka ukatulia. Kisha akachukua kijiko, akakigusisha kwenye midomo yake mwenyewe. Uji ulikuwa umepoa. Akaonja tena.