Maharage ya Utafiti Yaliyoishia Chunguni

Mwaka 2013 nilikuwa mwanafunzi wa kilimo. Chuo kilinipa fedha za utafiti zilizotoka serikalini, nikapanda mbegu mpya ya maharage kule Kagerankanda. Mavuno yalijaa ndoo ndogo tu. Nikaiweka nyumbani Kasulu ili mwalimu wangu, Dokta Zuhura, aje kuyapima.

Siku aliyofika nilikuwa napiga pasi shati. Mama akauliza, "Mwana wanje, mwanangu, mgeni nimpikie maharage yapi?"

"Yoyote tu, Mama," nilijibu bila kugeuka.

Mama hayupo tena, lakini harufu ya mawese aliyoungia maharage siku ile bado ninayo puani. Dokta alikula akayasifu, nami nikajitapa kwamba kwetu maharage matamu hayakosekani.

"Mama, hii ni mbegu gani?" Dokta aliuliza.

"Si yale aliyolima mwanangu! Nimeyapika yote, mengine nimewapelekea majirani."

Nikachungulia ndoo yangu ya utafiti: ilikuwa tupu. Dokta akamsogezea Mama sahani.

"Niongeze kidogo, Mama. Mwanao atalima tena msimu ujao, ila kwa jembe lako. Fedha za serikali ndizo hizi tunazimalizia sahanini."